Msitu wa Masako na Msitu wa Kompyuta

Wazee husema: penye miti hapana wajenzi. Sisi wa Kisangani twaiona methali hii ikitimia kwa namna ambayo wazee wenyewe hawakuiwaza. Huko Uingereza na Marekani wako mafundi hodari wa kujenga misitu ndani ya kompyuta, nao kwao hawana hata mti mmoja wa limbali. Hapa kwetu Masako, kilomita 14 hivi kutoka mjini kwa barabara ya zamani ya Buta, miti ya limbali ingali imesimama, lakini wajenzi wa picha ni wachache mno. Basi imekuwaje? Watu wa dunia nzima huonyeshwa msitu wa Kongo usiokuwapo mahali popote, na ule uliopo wakatwa, wachomwa makaa, wala wachache tu ndio wanaoutazama.

Wengine watacheka wakisema, haya ni mambo ya sinema, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Picha ni shahidi. Mtu aliye mbali hawezi kuja Masako, basi huamini anachoonyeshwa. Kwa hiyo twasema tangu mwanzo, ili asiwepo wa kukosea maana yetu: kuongeza mandhari ya kompyuta katika picha ya kweli ni kazi halali, hata ya kusifiwa, ikiwa mwenye kuifanya anatangaza alichokifanya. Asipotangaza, na watu wakaipokea kazi yake kuwa ni kweli, ametoa ushahidi wa uongo. Nasi wa Tshopo tuna sababu kubwa kuliko watu wengi za kuuogopa uongo wa namna hiyo.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kwanza tuieleze kazi hii, maana wengi huishangaa kama uchawi, na uchawi haumo. Video ni mfululizo wa picha, kwa kawaida 24 au 25 katika kila sekunde. Mtu akitembea na kamera mkononi, kila picha hupigwa kutoka mahali palipoachana kidogo na pale pa picha iliyotangulia. Ukitaka kuongeza mlima nyuma ya nyumba, haitoshi kuubandika. Kamera ikigeuka kushoto, mlima hauna budi kubaki pale pale, kama mlima wa kweli unavyobaki. Kamera ikisogea mbele, mlima uongezeke ukubwa kwa kiasi chake. Ukiteleza kidogo tu, hata mtoto ataona kwamba kuna jambo.

Basi fundi hufanyaje? Huipa kompyuta video yake, nayo hutafuta alama ndogondogo zilizo wazi: pembe ya dirisha, doa ukutani, jiwe njiani, kovu katika gome la mti. Huzifuata alama hizo picha kwa picha. Kila aliyepata kusafiri katika mtumbwi anajua kwamba miti ya ukingoni hupita mbio, na miti ya mbali hukawia. Kompyuta hutumia jambo hilohilo. Hupima alama ipi ilipita upesi na ipi ilikawia, kisha kwa hesabu hujua kamera ilikuwa wapi katika kila picha, na ilikuwa ikitazama upande gani. Ndani ya kompyuta fundi huweka kamera nyingine, ya kuwaza tu, akaipitisha njia ileile. Mbele ya kamera hiyo hujenga mlima wake, au mji, au msitu, kisha huunganisha picha zake na zile za kwanza. Hubaki kazi ya kulinganisha mwanga na vivuli, na kukata kwa uangalifu umbo la mtu anayepita mbele, ili msitu uonekane nyuma yake. Ndiyo sababu mara nyingi watu hupigwa picha mbele ya pazia la kijani: rangi ile ni rahisi kuondolewa, na mahali pake huwekwa lolote litakiwalo.

Ni kazi ya uvumilivu. Video ya sekunde 10 tu ina picha 250. Ikiwa kompyuta yahitaji dakika 10 kuichora kila moja, ni dakika 2,500, yaani zaidi ya saa 41, tena kama umeme haukukatika! Kwa hiyo hatumdharau fundi. Twamheshimu.

Lakini liko neno moja katika kazi hii ambalo twaomba msomaji alishike vizuri. Alama inayofuatwa lazima iwe ya kitu kisichotikisika. Jani likipepea, maji yakipita, mtu akitembea, kompyuta hudanganyika, ikahesabu kana kwamba kamera ndiyo iliyosogea. Kwa hiyo fundi huzifuta alama za majani na za maji, akaziacha zile za mawe na za mashina ya miti. Maana yake, hata anayetaka kutengeneza mandhari isiyokuwapo hana budi kwanza kushikamana na kitu cha kweli kilichosimama imara. Asipokuwa nacho, kazi yake yote huyumba.

Kisangani katika sinema

Mji wetu si mgeni wa sinema. Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga The African Queen katika mto Ruiki, upande wa Ubundu, ambao wakati ule uliitwa Ponthierville. Sehemu nyingine zilipigwa Uganda, na nyingine ndani ya studio za London, wachezaji wakiunganishwa na picha za mto zilizoletwa kutoka Afrika. Basi ujanja wa kuunganisha mandhari haukuanza jana. Hata hivyo, maji yale yalikuwa maji ya Ruiki, na miti ile ilikuwa miti ya huko.

Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville pamoja na Audrey Hepburn kupiga The Nun's Story, sinema ya mtawa muuguzi, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1959. Sinema hiyo ni hadithi pia. Lakini atakayeitazama leo ataona mto wetu na watu wa mji huu jinsi walivyokuwa miaka miwili kabla ya uhuru. Waliokuja kusimulia hadithi walituachia, pengine bila kukusudia, ushahidi.

Sasa tutazame ya siku hizi. Mwaka 2016 ilitoka sinema ya David Yates iitwayo The Legend of Tarzan. Hadithi yake yasemekana kutokea Kongo mwaka 1890, wakati wa Leopold II. Lakini ilipigwa hasa Leavesden, karibu na London. Sehemu za msitu zilijengwa ndani ya studio, nyingine zikaongezwa kwa kompyuta, pamoja na wanyama, na picha za mandhari kutoka angani zikachukuliwa Gabon. Mamilioni ya watu wameiona Kongo hiyo. Ni wangapi kati yao watakaojua kwamba Kongo yenyewe haimo?

Liko jambo jingine ndani yake lituchomalo sisi wa Kisangani. Katika sinema hiyo yumo mtu aitwaye George Washington Williams, naye ni mwenzi wa Tarzan katika vituko vyake vya mitini. Tarzan hakuwapo duniani, lakini Williams alikuwapo. Alikuwa Mmarekani mweusi, askari wa zamani, mchungaji na mwandishi wa historia. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo mpaka kwenye maporomoko yetu, yaliyoitwa Stanley Falls wakati ule, na hapohapo, tarehe 18 Julai 1890, alitia tarehe barua yake ya wazi kwa Leopold II. Ndani yake alimshitaki mfalme juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa hila, vijiji vilivyochomwa na watu waliotumikishwa. Mwaka uliofuata alikufa Uingereza. Alikuwa shahidi wa kweli: alikuja, aliona kwa macho yake, aliuliza, aliandika, na alitaja mahali alipoandikia.

Twakubali kwamba sinema ile humlaumu Leopold, na hilo ni jema. Lakini tazama walivyomtendea shahidi. Mtu ambaye nguvu ya maneno yake yote ilitokana na kuwa hapa, wamemweka katika msitu ambao hauko hapa, bega kwa bega na mtu asiyepata kuishi. Mtoto wa Kisangani akiitazama, atadhani Williams ni mtu wa hadithi kama Tarzan. Hivyo ndivyo mandhari ya uongo inavyoharibu kazi: huchukua na jambo la kweli lililo karibu yake, ikalifanya lifanane na yenyewe.

Msitu wa kweli ukoje?

Hifadhi ya msitu wa Masako iliwekwa mwaka 1953, hekta 2,105, katika kona kubwa ya mto Tshopo. Msitu wa sinema huwa na kamba za kurukia kila mahali, ukungu, majabali, na gorila nyuma ya kila mti. Msitu wa limbali wa Masako haufanani na huo. Ndani yake ni giza, chini pana wazi kuliko mgeni anavyodhani, majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka, na miti mikubwa ya jamii moja imesimama kama nguzo. Gorila hayumo kabisa. Wamo panya wa jamii nyingi, na ndege, na wadudu wasiohesabika.

Msidharau panya hao. Kwa miaka mingi wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamewafuatia huko Masako mtego kwa mtego. Profesa Dudu Akaibe aliandika juu yao tasnifu yake ya udaktari mwaka 1991. Kazi ya namna hiyo haina tamasha, wala haijazi ukumbi wa sinema. Lakini kwa kazi hiyo twajua ni mnyama yupi anayekaa chini ya limbali, na yupi anayekuja msitu ukishakatwa ukawa vichaka na mashamba. Wachunguzi hao pia ndio waliotuonyesha kwamba mashamba na vichaka vimeingia na kuumegamega msitu. Nasi wenyewe twayaona magunia ya makaa yakiingia mjini juu ya baiskeli. Hatuwalaumu wenye baiskeli, maana nao wana watoto wa kulisha. Twasema tu kwamba makaa yale ni miti iliyokuwa imesimama.

Vijana wetu wanaokesha mbele ya kompyuta wakumbuke jambo hili pia: umeme wa Kisangani, unapopatikana, hutoka katika bwawa la mto Tshopo, mto uleule unaouzunguka msitu wa Masako kabla haujafika mjini. Kandokando za mto zikibaki tupu, mvua hushuka na udongo na kuutia mtoni. Msitu wa kompyuta hauzuii udongo, hauleti viwavi sokoni, wala hautoi kivuli. Tena wenyewe hula umeme.

Vijana wetu nao

Tusiwalaumu wageni peke yao. Kazi hii siku hizi haihitaji utajiri wa Leavesden. Programu iitwayo Blender hutolewa bure, na tangu Desemba 2011 ina uwezo wa kufuata mwendo wa kamera. Mwenye kompyuta ya wastani na simu yenye kamera nzuri anaweza kujifunza. Hilo latufurahisha. Penye miti sasa pangeweza kuwa na wajenzi!

Lakini wengine huufanyia nini ufundi huo? Mwimbaji asimama mbele ya pazia la kijani, na nyuma yake huwekwa majumba ya Dubai au mnara wa Paris. Bwana na bibi harusi waliofunga ndoa mbele ya jirani zao wote huonyeshwa wakitembea kando ya bahari wasiyopata kuiona. Mambo hayo ni ya furaha, hatutaki kuyagombeza sana, na jirani hawadanganyiki. Twauliza tu: kwa nini kila mandhari inayoongezwa ni ya kwa watu? Je, mto wetu jua linapokuchwa, na Wagenia juu ya miti yao ya uvuvi, ni aibu kuonekana nyuma ya bibi harusi? Aliyezoea kujifuta mahali pake katika picha, mwisho hatasikitika mahali hapo pakifutwa kwa shoka.

Jambo la hatari

Sasa twafika kwenye jambo la hatari hasa. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani. Tunaita Vita ya Siku Sita. Watu wengi walikufa, na wengine wangali wanatembea kwa magongo. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa matendo yake katika nchi yetu. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja malipo: dola milioni 325. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Mbona tofauti kubwa hivyo? Someni hukumu yenyewe. Mara kwa mara Mahakama yasema kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha. Hata dai la uharibifu wa mazingira kwa kukata misitu lilikataliwa, kwa kuwa Mahakama haikupewa msingi wowote wa kuupima uharibifu huo.

Mwaona sasa kwa nini tunagombana kwa ajili ya picha? Nchi yetu imekwisha kupoteza haki yake kwa kukosa ushahidi. Na mtu wa Kisangani, Dieudo Hamadi, alionyesha picha ya kweli yaweza nini. Katika sinema yake En route pour le milliard, ya mwaka 2020, aliwafuata waliolemazwa na vita ile wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Mvua iliyowanyeshea chomboni haikutengenezwa kwa kompyuta. Wala magongo yao. Atakayeitazama miaka 50 ijayo ataweza kusema: hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Basi fikirini. Mtu mmoja katika kijiji fulani apiga video ya shamba lililochoka. Aipa kompyuta ifuate mwendo wa kamera, aongeza miche 1,000 imepangwa mistari mizuri, kisha aipeleka Ulaya akisema: tumepanda msitu, tusaidieni. Fedha yaja, naye aila. Siku moja mgeni afika, hakuti hata mche mmoja. Kuanzia siku ile, kijiji cha jirani kilichopanda miche 1,000 ya kweli kwa jasho la mama na vijana wake kikituma video yake, kitajibiwa: twawajua ninyi watu, hizo ni kazi za kompyuta. Na mama aliyepiga picha nyumba yake ikichomwa na watu wenye silaha ataambiwa vivyo hivyo. Mwongo mmoja huwala mashahidi mia. Amri ya Nane yakataza ushuhuda wa uongo, nasi tusidhani kwamba yahusu ulimi peke yake.

Majibu kwa wapinzani

Wako watakaotujibu: hata babu zetu walisimulia sungura akisema na fisi, je, nao walikuwa waongo? La. Msimulizi alianza na "Paukwa!", nao watu wakaitikia "Pakawa!". Kwa neno hilo kila mtu, hata mtoto wa miaka mitano, alijua kwamba sasa tumeingia katika hadithi. Ndiyo sababu hatuna ugomvi na sinema kama Black Panther ya mwaka 2018. Wakanda ni nchi isiyokuwapo, na kila mtazamaji aambiwa hivyo na jina lenyewe. Wakichukua picha za milima na misitu ya Uganda wakaziunganisha na miji ya kompyuta, hawamdanganyi mtu. Lakini anayesema "hii ni Kongo, mwaka 1890" amekwisha kuacha "Paukwa", ameshika jina la nchi ya watu.

Wengine watasema: kuleta wachezaji na mitambo Kisangani ni gharama kubwa, barabara ni mbaya, na usalama una mashaka. Hayo ni kweli. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuleta wachezaji wao. Wawaite vijana wa Kisangani wawapigie mashina, vijito na giza la limbali, wawalipe ujira wa haki, kisha wafanye hesabu zao kokote watakako. Kama Gabon ilipigwa kutoka angani, Masako yaweza kupigwa kutoka chini.

Wa tatu watasema: mtazamaji hajali, ataka kufurahi tu. Hatukubali. Msimdharau mtazamaji. Anayeonyeshwa kwa miaka mingi msitu usiokatika, unaoota upya kila sinema mpya inapotoka, ataaminije kwamba msitu wa kweli wapungua? Atakapoambiwa kwamba Masako yamalizika, atasema: mbona jana nimeiona Kongo, yote kijani?

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye kutengeneza video hapa kwetu, awe wa harusi, wa nyimbo au wa parokia, aandike mwishoni kwa maneno yanayosomeka: mandhari fulani imetengenezwa kwa kompyuta. Ni mstari mmoja tu. Fundi mwaminifu hatapungukiwa na sifa, ataongezewa.

Pili, katika video ya ushahidi, ya habari, ya kuomba msaada au ya kuonyesha kazi iliyofanyika, kisiongezwe chochote, hata wingu moja. Kamati za parokia na za vijiji ziwe kali katika jambo hili. Picha ya kwanza, ile isiyoguswa, itunzwe mahali salama pamoja na tarehe yake na jina la mahali.

Tatu, vijana wajifunze kazi hii, tena waijifunzie Masako. Waombe ruhusa kwa chifu na kwa wasimamizi wa hifadhi, waende na simu zao, wazifuate alama katika mashina ya limbali. Kisha wasimame katika kichaka kilichokuwa msitu, waulize wazee ni miti gani iliyokuwapo, waulize watu wa chuo kikuu vipimo vyake, na kwa kompyuta wairudishe ile miti pale ilipokuwa. Waoneshe pande mbili: kushoto mahali palivyo leo, kulia palivyokuwa, na chini waandike wazi ipi ni ya macho na ipi ni ya kompyuta. Video ya namna hiyo ikionyeshwa kijijini jioni, hata mwenye shoka atakaa atazame. Ataona alichokuwa nacho baba yake, na anachotaka kumwachia mwanawe. Hapo kazi ya kompyuta itakuwa imemtumikia shahidi.

Tena kazi hiyo haiwezi kufanyika Leavesden, kwa kuwa yahitaji kichaka chenyewe, na mzee anayekumbuka, na shina lililobaki la kushikia alama. Shina hilo liko Masako leo. Enyi vijana wa Kisangani, ufundi mmepewa bure na njia mwaijua. Nendeni sasa, kabla fundi na mkata miti hawajakutana mbele ya shina la mwisho.